Kipa kaganda hewani

Narusha mechi mubashara kutoka Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, kwa kamera moja na modemu ya 4G. Uwanja ukiwa mtupu, picha inapanda safi. Ukijaa, kila mtu na simu yake, mnara unatugawia kidogo kidogo, na mjomba ananipigia toka Dar: "We, kipa wenu kaganda!"

Kwenye 5G kasi hainisumbui akili. Ninachokitaka ni njia iliyotengwa. Mei 2023, Mfalme Charles alipotawazwa London, BBC ilitumia mtandao binafsi wa 5G kurusha picha, mbali na msongamano wa simu za umati. Hapo mate yalinitoka.

Bando nalo? Kwa megabiti 5 kwa sekunde, dakika 90 zinakula zaidi ya GB 3. Mjomba hachangii.