Maziwa hayaoshi mapafu: nilivyopima vumbi la mbao Mafinga

Nilipoanza kusimamia usalama kwenye kiwanda kimoja cha mbao hapa Mafinga, maelekezo niliyopewa yalikuwa mafupi: hakikisha maziwa yanafika kila Ijumaa. Kila fundi pakiti moja, eti yanasafisha kifua. Maziwa yanashuka tumboni, vumbi liko mapafuni, ila hebu mwambie hivyo meneja aliyekwisha kulipia katoni! Nilimtajia kwamba tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani, ya pua hasa. Akaniambia niongeze maziwa.

Nikaamua tubishane kwa namba.

Pampu nne za kupimia vumbi niliazima kwa jamaa niliyesoma naye. Nauli, soda, betri mpya, nadhani haikuzidi elfu themanini. Pampu inafungwa mkandani, mpira unapita mgongoni, na kichwa chenye karatasi ya kuchujia kinabanwa kwenye kola, kisipite sentimita 30 kutoka puani. Inavuta lita 2 kwa dakika, kwa hiyo zamu ya saa nane ni lita 960, karibu mita moja ya ujazo; uzito unaoongezeka kwenye karatasi ndio vumbi. (Ukiona mtu ameitundika kwenye nguzo, mwambie nguzo haipumui.)

Siku ya kwanza kiwanda kilikuwa kimya kama msibani. Saa nne mzee mmoja wa msumeno akanivuta pembeni: "Kamwene, mwanangu. Hicho kidude kinanasa sauti?" Kumbe walidhani bosi anawasikiliza! Wakati wa chai nikaifungua pampu moja mezani, wakaona mota na betri tu, matusi ya kawaida yakarudi.

Ila kichekesho chenyewe nilikuwa mimi. Ilikuwa Julai, ukungu wa kwetu ule wa kukata na kisu. Karatasi nikazipandisha basi hadi maabara Mbeya, zikapimwa palepale zilipofika, maana nilikuwa nawapigia simu kila nusu saa. Majibu yakaja: karani wa ofisini, anayeshinda na kalamu, kavuta vumbi karibu sawa na fundi wa randa. Nikaanza kuandika ripoti ya kutisha. Nikiwa ukurasa wa pili nikakumbuka zile karatasi mbili tupu nilizotuma pamoja, ambazo hazikuvuta hewa hata dakika moja. Nazo zilikuwa zimenenepa! Nilikuwa nimepima unyevu wa ukungu wa Mufindi. Mara ya pili nikaomba zilale usiku kucha kwenye chumba cha mizani, kabla na baada. Tupu zikatulia.

Sasa ikabaki fumbo. Vijana wawili wa msumeno mmoja, paina ileile: mmoja miligramu 4 kwa mita ya ujazo, mwenzake 11. Kwa mbao laini kama hiyo, kikomo cha Waingereza ni 5. Nilishinda nao mchana kutwa, sikuona tofauti yoyote.

Hapo ndipo nilipotumia tochi. Vumbi jembamba halionekani kwenye mwanga wa kawaida, lakini ukiwa gizani, mwale mkali ukapita kwenye hewa, nawe ukatazama kuelekea tochi huku balbu yenyewe umeikinga na kitu (mimi nilitumia kipande cha ubao), linang'aa lote. Jioni nikazima taa, nikamwambia yule kijana wa 11, "Mdogo wangu, fanya kama unavyofunga kazi kila siku." Akachukua mpira wa kompresa, akajipuliza shati, suruali, nywele, hadi masikio. Wingu likamfunika, likapanda juu ya kichwa, likabaki linaelea, yeye kasimama katikati anatabasamu, msafi kabisa, anapumua. Meneja alikuwa nyuma yangu. Nikawasha taa: peupe, hakuna kitu. Nikazima: wingu lipo palepale. Nikarudia mara tatu, ya tatu ilikuwa ya starehe yangu tu.

Kesho yake mpira wa kompresa ukafungiwa stoo, ikanunuliwa mashine ya kunyonya vumbi, ya mtumba lakini nzima. Tulipopima tena, kijana alishuka hadi 5 na kidogo. Bomba la kunyonya pale kwenye msumeno wenyewe bado tunalidai, kila kikao linasogezwa mwezi ujao.

Maziwa yanakuja kila Ijumaa. Yangu nakunywa na mandazi.