Jamani si kila taka ya hospitali ni ya kuchomwa

Hii naandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, maana pale kwenye kichomea taka naona kila kitu kinarushwa tu ndani, watu wanadhani moto unamaliza yote. Haumalizi. Chukua themomita ya zebaki iliyovunjika, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 tu na kichomea kinatakiwa kifike 850 na zaidi, maana yake yote inageuka mvuke wa sumu inapanda na moshi, na hapo jirani wamama na watoto wamekaa foleni ya kliniki, inaniuma sana kwa kweli. Betri zenye kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni hivyohivyo.

Halafu kuna dripu. Mifuko na mipira yake mingi ni plastiki ya PVC, ina klorini ndani, ukiichoma kwa moto hafifu inatoa dayoksini ambayo ni sumu ya kansa, na vile vichomea vyetu vya matofali moto wake unapanda unashuka. Makopo ya spreyi yanalipuka, vichupa vya dawa vilivyozibwa navyo vinapasuka, anayeumia ni yule mhudumu anayechochea, na mara nyingi hata miwani hajapewa!

Zebaki weka kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kubana, mwagia maji kidogo juu yake, andika nje kwamba ni zebaki, mtafute afisa afya wa wilaya. Filamu za zamani za eksirei nazo tenga, zina madini ya fedha yanayoweza kutolewa yakatumika tena.