Hiki Kinapumulia Wapi?

Jana mtoto wa mdogo wangu alisimama mbele ya kabati akakikazia macho chungu cheusi kilicho juu yake. Akainama, akachungulia kwa chini, akazunguka upande wa pili. "Mama mkubwa, hiki mnatilia nini?" Nikamwambia hatutilii kitu, hakina mdomo. Akanitazama kana kwamba nimemficha jambo, akaenda zake kucheza. Mimi mawazo yakanirudisha Mbeya, Julai ile ya baridi, wiki ya maonyesho ya vyungu ya binti wa kaka.

Udongo wake aliuandaa mapema, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukosa subira. Aliuchimba bondeni wanakochimba wafyatua matofali, akauanika mpaka ukakauka kabisa, akauponda, ndipo akautia maji. Udongo mkavu hulainika wenyewe ukifika majini. Ukiulowesha ungali na unyevunyevu, mabonge yake yatakaa humo siku nyingi bila kuvunjika. Ule uji akauchuja kwa wavu wa dirisha, akauacha utuame, akamwaga maji ya juu, akautandaza juu ya magunia. Ulipoanza kushika akaukanda pamoja na chenga za vigae: ndoo tatu za udongo kwa ndoo moja ya chenga, zilizopita kwenye wavu uleule. Chenga zimeshachomwa, kwa hiyo hazisinyai tena, na kati yake hubaki vijinjia ambavyo mvuke hupitia kutoka. Chungu kisicho na chenga wala mchanga hakivumilii moto wa wazi, hata kingefinyangwa na nani.

Alipima pia. Unatengeneza kibao cha udongo, unachora juu yake mstari wa sentimita 10, unakiacha kikauke, unapima; unakichoma, unapima tena. Mstari wake ulitoka na sentimita 9.2. Kwa hiyo chungu alichotaka kiwe na kimo cha sentimita 40 alikifinyanga karibu sentimita 44. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayokuwezesha kuandaa meza na vibao vya maonyesho kabla kazi haijatoka motoni.

Kilichowafanya watu wazungumze ni vile vilivyofungwa kabisa. Alivianza kama vyungu vya kawaida, akapandisha miviringo ya udongo yenye unene wa kidole gumba juu ya kigae ili aweze kuvizungusha, akakwangua kuta kwa kipande cha kibuyu hadi milimita 7 hivi. Badala ya kutoa shingo akaendelea kubana, mviringo mdogo juu ya mdogo zaidi, hadi pakabaki tundu la kidole, nalo akaliziba. Hapo hewa iliyo ndani inageuka msaidizi: unaweza kukipigapiga chungu kwa kibao cha mti na kukitengeneza umbo, ukuta hauingii ndani kwa sababu hewa inausukuma. Tabu huja kikianza kukauka. Udongo unasinyaa, hewa haisinyai, na mahali pa kuungia hupasuka. Ndiyo maana binti alitoboa kila kimoja kwa sindano, akavikausha taratibu chini ya magunia, na vilipokaribia kukauka kabisa akaviziba vitundu hivyo kwa udongo uleule. Alitaka vifike mbele ya watu vikiwa vimefungwa kwelikweli. Hakutaka vionekane tu kuwa vimefungwa.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchoma akafika Bibi kutoka Ikombe.

Ikombe iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, chini ya milima ya Livingstone. Wanawake wa Kikisi wa huko ndio wafinyanzi wanaotegemewa na nyanda hizi zote. Vyungu vyao hupangwa ndani ya mitumbwi na kuvushwa hadi upande wa Matema, kwenye soko la Lyulilo, kisha vinapandishwa kwa gari hadi Tukuyu na Mbeya vikiwa vimefungwa kwa majani ya mgomba. Ni vya duara, vyepesi, kuta zake nyembamba. Bibi alikuja na vyake vya kupikia, kwa kuwa binti alimwomba wapange kazi zao chumba kimoja.

Hakuketi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka zilipopangwa kazi za kuchomwa kesho yake. Akainua kimoja kimoja na kukiweka shavuni. Kinachohisi baridi shavuni bado kina maji, hata kama macho yanakiona kikavu. Alivipitisha vyenye midomo bila neno. Alipofika kwenye vile vitatu vilivyofungwa akakishika kimoja kwa mikono miwili, akakitikisa karibu na sikio, akakigeuza juu chini, akakipitishia kidole gumba chote, polepole, kama anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto.

"Mjukuu wangu, hiki kinapumulia wapi?"

"Hakipumui, bibi. Nimekiziba."

"Umekiziba na kesho unakitia motoni?"

"Kimekauka. Nimekipima dukani, asubuhi na jioni, uzito ni uleule."

Bibi hakubishana naye. Kidole chake kilikuwa kimeshapafikia mahali palipozibwa, karibu na kitako, ambapo mimi sikuwa nimepaona ingawa nilikuwa nimevishika vyungu hivyo tangu mchana. Akaomba kitu chenye ncha. Nikampa spoku ya baiskeli tuliyokuwa tukichorea. Akailowesha ncha kwa mate, akaiweka pale, akawa anaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada bila kusukuma, kwa sababu udongo mkavu ukisukumwa hukatika. Unga mwembamba ukawa unaangukia kwenye khanga yake. Akapuliza. Akachukua cha pili, akafanya hivyohivyo. Aliponyoosha mkono kwa cha tatu, binti alikuwa amekwishakipakata.

"Hiki niachie, bibi."

Sijui walitazamana kwa muda gani. Chai ilipoa. Mwishowe Bibi akafuta spoku kwa pindo la khanga, akanirudishia, akasema, "Haya. Kitakujibu chenyewe."

Kwa wanaofanya kazi hii, kila mmoja alikuwa na haki yake. Watu husema hewa ndiyo inayopasua chungu motoni. Hewa peke yake haina nguvu kiasi hicho, na ukuta uliokauka una vinyweleo inavyoweza kutokea polepole. Kinachopasua ni maji yanayogeuka mvuke kwa ghafla ndani ya ukuta. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu yake, kwa hiyo mvuke huanza mapema kuliko kule ziwani. Tundu, hata dogo, humpa mfinyanzi nafasi ya kujua hali ya ndani: chungu kikiwa kinaota moto pembeni, unashika kipande cha kioo mbele ya tundu, na kikifanya ukungu unasubiri. Kilichofungwa hakikwambii kitu. Unabaki na mizani yako na imani yako.

Tulichoma alfajiri, kwa kuwa Julai upepo huamka jua likishapanda, na upepo ukipiga upande mmoja wa moto, upande huo unapoa huku mwingine unawaka. Vyungu vilizunguka moto mdogo kwanza, vikageuzwageuzwa hadi visishikike kwa mkono mtupu. Kisha tukatandika vigae chini, kuni kavu juu yake, vyungu midomo chini, vigae vikubwa pembeni kuzuia ndimi za moto zisivilambe moja kwa moja, magome, na nyasi juu ya yote. Moto wa namna hii hufika nyuzi 700 hadi 850 na hupanda haraka. Ukishavuka dakika za mwanzo bila mlio, unaweza kuvuta pumzi.

Mlio ulikuja mapema, mmoja, mzito. Hakuna aliyeinuka.

Baada ya moto kuisha hatukugusa kitu hadi majivu yalipopoa. Ndani ya udongo kuna chembe za mchanga wa kwatsi ambazo hubadili ukubwa ghafla kwenye nyuzi 573, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ukifunua mapema, baridi ya Mbeya ikaingia, utasikia vyungu vizima vikikatika kimoja baada ya kingine. Ufa wa kupoa unautambua: kingo zake ni kali na safi. Ufa uliokuwepo kabla ya moto una kingo zilizofifia na umetanuka. Kilichopasuliwa na mvuke hakina ufa hata kidogo, kimemeguka magamba.

Kilichovunjika kilikuwa na magamba, na kilikuwa kimoja kati ya viwili alivyotoboa Bibi. Tukaokota kitako chake na kukipima: milimita 14, mara mbili ya ukuta. Maji yalikuwa yamejificha kwenye unene huo, na tundu la spoku lisingeweza kuyafikia. Mizani nayo haikuyaona, kwa sababu kwenye baridi ile kitako kinene hutoa maji kidogo mno hata mizani ya dukani isitikisike. Kile kisichotobolewa kilitoka kizima, chekundu, kikilia vizuri ukikigonga kwa kifundo cha kidole.

Bibi alikigonga mara kadhaa. "Hiki kimekuhurumia," akasema.

"Si huruma, bibi. Kitako chake nilikikwangua."

"Na hicho kingine hukukikwangua?"

Binti hakujibu, na sikuona haja ya kumjibia. Kilichonikaa moyoni ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyebadili mawazo, na kwa ushahidi ule uliokuwa mbele yetu sikuona ambaye alipaswa kubadili.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Vilivyofungwa na vingine vichache vikatiwa moshi ndani ya sanduku la matofali yasiyo na udongo katikati, kwa vumbi la mbao la msonobari kutoka Mafinga lililochanganywa na maranda. Vumbi tupu hushikana na moto hufa katikati. Sentimita 15 chini, sentimita 8 hadi 10 kati ya kazi na kazi, unawasha kwa juu, unafunika bati, unaacha liteketee lenyewe hadi kesho. Moshi huingia kwenye vinyweleo na wekundu hugeuka weusi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake vimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, hupata weusi wake kwa kanuni hiyohiyo: kuchoma mara ya kwanza kwenye hewa ya kutosha, mara ya pili kwenye moshi na hewa haba. Mng'ao hautoki motoni. Unatokana na kusugua kwa kokoto laini la mtoni, udongo ukiwa umeshika lakini haujakauka, na kazi hiyo hula muda kuliko kufinyanga kwenyewe.

Chumbani tulihangaika na vitako vya duara, visivyokaa mezani. Bibi akatusokotea kata za majani makavu ya mgomba, zile za kubebea mzigo kichwani, na kila chungu kikakaa juu ya kata yake. Meza tukazisogeza ubavuni mwa dirisha. Mwanga wa kutoka pembeni huonyesha kila mstari wa kokoto. Taa ya darini huufuta. Bei binti aliipanga kwa kujumlisha kuni, gari, maranda na vilivyovunjika, kwa kuwa chungu kilichofia motoni hulipwa na vilivyosimama. Vyombo vya Bibi vilikwisha siku ya kwanza, watu wakaondoka navyo vichwani. Vya binti viliuzwa polepole zaidi, na wengi waliuliza swali lilelile aliloniuliza mtoto jana.

Kimoja kikatoa vidoa vyeupe siku kadhaa baadaye, kila kidoa katikati ya kishimo. Hiyo ni chembe ya chokaa ndani ya udongo: motoni inageuka chokaa mbichi, ikirudi kwenye hewa inanyonya unyevu, inavimba na kurusha ngozi ya chungu. Dawa yake ni wavu mwembamba zaidi, na sasa anatumia kitambaa cha kitenge.

Siku hizi yuko Iringa, anaandaa kazi nyingine, kubwa kuliko zile. Wiki iliyopita alinitumia picha ya safu mbili za vyungu vilivyofungwa, moja ina vitundu, nyingine haina, akaniuliza aanze na ipi. Sikumchagulia. Nikamwuliza vitako vina milimita ngapi.

"8, shangazi," akajibu. "Nilikata kimoja katikati kwa waya nikapima."