Seva za makabila matatu na mumiani mmoja

Ukiwauliza mafundi watano wa kompyuta hapa Nairobi utumie programu gani ya bekapu, yaani ya kutunza nakala za akiba za mafaili, utarudi na majina sita, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amekuuliza una seva (kompyuta zinazozihudumia nyingine) za aina gani. Mimi niliuliza. Mmoja alinijibu kabla sijamaliza kusema, huku akimenya yai la kuchemsha: “Nunua diski kubwa, weka ofisini, imeisha hiyo.” Nikamwamini kwa miezi saba.

Kampuni ninayofanyia kazi inauza vipuri vya magari. Stoo iko Industrial Area, duka liko Kirinyaga Road, na chumba cha seva ndicho kilichokuwa choo cha wageni kabla Mzee hajaamua kwamba wageni watatumia kile cha wafanyakazi. Humo ndani kuna makabila matatu, yaani seva tatu, kila moja na mfumo endeshi wake. Kuna Windows Server 2016 iliyobeba hesabu zote ndani ya hifadhidata ya SQL Server. Kuna Ubuntu inayoendesha mfumo wa stoo kwa PostgreSQL, hifadhidata nyingine. Halafu pembeni kuna FreeBSD, kimya kama babu mgonjwa, inayotunza mafaili ya kila mtu: ankara zilizoskaniwa, mikataba, picha za vipuri. Iliachwa na aliyenitangulia, ambaye alihamia Kanada bila kuacha maelezo zaidi ya kikaratasi alichokibandika ubavuni mwake: USIZIME.

Basi nikaenda Luthuli Avenue nikanunua diski ya nje ya terabaiti 4, elfu kumi na kitu (tulivutana bei mpaka muuzaji akaanza kuniita ndugu). Nikaichomeka kwenye Windows, nikaifungulia mtandao, nikaandika skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, ya kunakili kila kitu usiku. Ilikuwa na mistari 11, na ule wa mwisho kazi yake ilikuwa kuandika neno SAWA kwenye logi, daftari la matukio. Kila asubuhi nilifika, nikaweka chai mezani, nikafungua logi, nikaona SAWA, nikafunga. Nilikuwa nikijisikia mtaalamu kweli kweli.

Siku moja mama mhasibu akaja mlangoni. “Kijana wangu, nimefuta ankara ya wale watu wa lori. Nirudishie.”

“Dakika mbili tu, Mama.”

Dakika mbili zikawa alasiri nzima. Kwenye FreeBSD kulikuwa na mafaili mawili, “Ankara Lori.pdf” na “ankara lori.pdf”, moja lake, moja la kijana wa mauzo. FreeBSD huyaona kuwa mawili kwa sababu ya ile A kubwa. Windows, ambayo ndiyo iliyoshika diski yangu, huona ni jina lile lile, kwa hiyo kila usiku faili la pili lilikuwa likilikalia la kwanza. Lililobaki, bila shaka, ni lile asilolitaka mtu.

Hapo nikaingiwa na baridi, nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine. Karani wetu wa stoo hupenda kuziita picha zake kwa saa, “mzigo 14:30.jpg”, na Windows haikubali nukta mbili katika jina la faili, kwa hiyo picha zake hazikuwemo hata moja. Kuhusu nani anamiliki faili gani na nani anaruhusiwa kulisoma, yote yalikuwa yamefutika. Mikataba ya Mzee ingeweza kusomwa na mlinzi wa getini. Halafu nikafika kwenye folda ya hesabu. SQL Server inapofanya kazi huwa imeyashika mafaili ya hifadhidata yake, na mtu anayekuja kuyanakili hivi hivi hufukuzwa. Folda ilikuwa tupu kabisa. Hesabu za kampuni nzima hazimo, na chini yake kwenye logi: SAWA. Si kosa la skripti, kwani niliiambia iandike SAWA, na sikuiambia iangalie kwanza kama mambo ni sawa.

Nilijifungia kwenye kile choo cha zamani nikamshukuru Mungu kwamba nimegundua kwa ankara ya lori na si kwa moto. Ankara yenyewe mama mhasibu aliipata kwa kuwapigia simu wenye lori. Mzee hajui mpaka leo. Kama unasoma hii, Mzee, samahani.

Baada ya hapo nikajifanya mstaarabu, nikamwita muuzaji wa programu moja ya kulipia. Alikuja na suti na slaidi nzuri. Bei ilikuwa kwa dola, kwa kila seva, kwa kila mwaka, na nilipopiga hesabu kwa shilingi nikaona bora tuajiri mtu wa kuandika ankara upya kwa mkono. Lakini hilo ningeweza kumshawishi Mzee. Kilichonimaliza ni nilipouliza kuhusu FreeBSD. Akatabasamu. “Kwani hamwezi kuihamishia Windows?” Kaka, mimi hata kuizima naogopa.

Ndipo nilipobadilisha swali. Kila mtu alikuwa ananieleza jinsi programu yake inavyochukua mafaili, mimi nikawa naomba kitu kimoja tu: nirudishie faili la Jumanne iliyopita, kutoka FreeBSD, likiwa na mwenyewe wake yule yule na ruhusa zake zile zile, niliweke kwenye folda nyingine bila kugusa lililopo. Utashangaa majina mangapi hupungua hapo. Nilijaribu BackupPC, ambayo haihitaji kuwekewa kitu kwenye kila seva, huvuta mafaili yenyewe kupitia mtandao kwa njia za rsync au SMB, na faili linalofanana likiwa mahali kumi hulitunza mara moja tu. Nzuri, na kama mafaili ndiyo shida yako yote, ishia hapo. Nilijaribu UrBackup pia, na hiyo niliipenda mpaka nikaibakiza: ndiyo inayolinda kompyuta za ofisini, kwa sababu hata karani anaweza kujirudishia faili lake kupitia kivinjari. Kwa seva nilitaka kitu cha kunitii zaidi, chenye amri za kabla na baada ya bekapu, na kumbukumbu ya kila faili na kila usiku. Nikaangukia Bacula.

Jina lenyewe ni utani, wamechanganya bekapu na Dracula yule mnyonya damu, kwamba programu huja usiku na kuzinyonya kompyuta zako uhai. Sisi tuliotishwa na hadithi za mumiani tukiwa wadogo hatukuhitaji kufafanuliwa. Ofisini hakuna anayesema Bacula. Wanasema, “Mumiani amepita jana?” Ilianzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na kutolewa kwa umma 2002, ni programu huria, na ina ndugu aliyejitenga anayeitwa Bareos, ambaye mafundi wengine humpenda zaidi. Sitaingia kwenye ugomvi wa familia.

Inafanya kazi kama kampuni yetu. Kuna mkurugenzi anayetoa amri, hasikilizi mtu, anakaa mlango 9101 (mlango ni namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao). Kuna karani mmoja kwenye kila seva, mlango 9102, na karani huyo yupo wa Windows, wa Linux (ukoo wa Ubuntu) na wa FreeBSD, jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae kitini vizuri. Na kuna stoo, mlango 9103, inayopokea mizigo na kuiweka kwenye diski. Mkurugenzi na stoo nikawaweka kwenye kompyuta moja ya mitumba niliyoitoa Moi Avenue, yenye Debian, Linux nyingine. Mizigo haipiti kwa mkurugenzi. Yeye humwambia karani stoo iko wapi, na karani hupeleka mwenyewe. Shikilia hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama siku tatu.

Niliweka kila kitu. Nikaijaribu ile Debian ijichukulie bekapu yenyewe: safi. Nikaagiza Ubuntu: karani anaitika, anasalimiana na mkurugenzi vizuri, kisha anasema hawezi kuifikia stoo. FreeBSD, vile vile. Windows ndiyo kabisa. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha manenosiri, ambayo kwenye Bacula ni mengi kama funguo za nyumba ya kupanga. Nikazima fayawoli zote, zile kinga za mtandao, jambo ambalo siwashauri. Nikaiondoa programu nikaiweka tena. Siku ya tatu nilikuwa nawasha na kuzima tu, kama mtu anayejaribu torchi iliyokufa betri.

Siku hiyo nilitumwa Kirinyaga Road kupeleka tona. Nimekaa dukani, nasikia kijana wa mauzo akibishana kwa simu na mteja aliyekuja kuchukua gia.

“Nimekwambia mzigo uko hapa stoo!”

Mteja naye, sauti imejaa duka: “Niko hapa! Hakuna mzigo hapa!”

“Uko hapa, boss, hapa hapa!”

Mmoja akisema hapa anamaanisha Industrial Area, mwingine amesimama nje ya duka letu anageuza shingo. Nikaanza kucheka peke yangu mpaka wakaniangalia. Kwa sababu kwenye faili la mipangilio la mkurugenzi, mahali pa anwani ya stoo, palikuwa pameandikwa localhost, na localhost maana yake ni “hapa hapa”. Mkurugenzi alikuwa anamwambia karani wa FreeBSD apeleke mzigo hapa hapa, na karani kwa utiifu anajigeukia mwenyewe, anatafuta stoo ndani ya FreeBSD, hapati. Ile Debian ilifaulu kwa kuwa kwake stoo kweli ilikuwa hapa hapa. Nilirudi mbio, nikaandika anwani halisi ya ile mashine, mstari mmoja, na mizigo ikaanza kushuka. Windows pekee ilidai nifungue mlango 9102 kwenye fayawoli yake, na baada ya hapo ikatulia.

Hifadhidata sizinakili tena zikiwa wazi. Windows ina VSS, ambayo hupiga picha ya diski hata mafaili yakiwa yameshikwa, na Bacula inajua kuitumia, lakini kwa hesabu za watu mimi ni mwoga. Kabla bekapu haijaanza, mkurugenzi humwamuru SQL Server atoe nakala yake mwenyewe, na kule Ubuntu pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala, inafanya hivyo hivyo. Amri hiyo ikishindwa, kazi nzima inahesabiwa imeshindwa na napata barua pepe. Sijui kama nimeeleza nilivyofurahi siku ile ya kwanza kupata barua ya kushindwa. Hatimaye kitu kinachosema kweli.

Bekapu kamili ya kwanza, kama gigabaiti 900, niliianzisha Ijumaa saa nne usiku ikamalizika Jumamosi saa tatu usiku. Nikadhani Bacula ni mzembe. Kumbe swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, ilikuwa ya megabiti 100, ya enzi za aliyetangulia. Nikapata ya gigabiti, imetumika, elfu tatu na ushei, na sasa kazi ile ile huisha kwa saa nne au tano. Kabla hujailaani programu, igeuze swichi yako usome mgongoni. Ratiba niliiacha jinsi ilivyokuja: saa tano na dakika tano usiku, kamili Jumapili ya kwanza ya mwezi, na siku nyingine inachukua mabadiliko tu. Na usisahau kuibekapu katalogi ya Bacula yenyewe, orodha ya kilichochukuliwa na mahali kilipo, la sivyo utabaki na stoo iliyojaa maboksi yasiyo na lebo.

Kila wiki nakala moja hutoka nje ya jengo. Inalala dukani kwa kasha la chuma lililokuwa la biskuti. Mwanzoni niliibeba kwenye matatu mfukoni mwa koti, mpaka nikakumbuka kwamba humo mna majina na namba za simu za wateja wote, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Sasa diski imesimbwa kwa LUKS, haisomeki bila nenosiri, na nenosiri limeandikwa kwa karatasi ndani ya sefu ya Mzee. Mwizi akiiba atapata kasha zuri tu.

Lakini kitu ninachojivunia kuliko vyote ni mchezo wa Ijumaa. Mama mhasibu huchagua faili lolote, la siku yoyote, kutoka seva yoyote, nami nina dakika 15 kulirudisha kwenye folda ya pembeni. Nikifaulu ananunua sambusa, nikishindwa nanunua mimi. Ni mwanamke mjanja. Amewahi kuomba picha ya nukta mbili ya karani, amewahi kuomba ankara ya lori yenye A ndogo, zote nikampa. Nilikula sambusa za bure wiki tisa.

Wiki ya kumi akaja anatabasamu. “Nataka faili langu la bajeti la tarehe tatu. Liko pale kwa skrini yangu, nikiingia kwa seva ya Windows.”

Nikatafuta. Nikatafuta tena. Kwenye orodha ya folda za kuchukuliwa nilikuwa nimeandika folda ya hifadhidata na folda ya ripoti, lakini folda ya Users, ambamo kila anayeingia kwenye seva kwa mbali hutupa mafaili yake juu ya skrini, sikuwa nimeiandika kabisa. Zaidi ya miezi miwili mumiani alikuwa anapita mlangoni pake bila kubisha.

“Sambusa nne, kijana wangu,” akasema, “na zisiwe za ndengu.”

Nikaongeza ule mstari kwanza, ndipo nikashuka kununua.