Kufunga mwamba wa pweza: kazi kubwa iko siku ya kufungua

Vijiji vingi vya pwani, Unguja na Pemba, Kilwa hadi Mafia, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa muda, ili pweza wakue. Wengi hutumia nguvu zote kwenye kufunga, kisha mafanikio ya miezi mitatu humalizwa asubuhi moja. Kanuni za kufungua ziandikwe kabla boya la kwanza halijatiwa majini.

Kufunga kwa muda kunafaa kwa sababu ya maisha ya pweza mwenyewe. Anaishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo, na akiwa mdogo huongezeka uzito haraka sana. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Ukifunga miezi miwili au mitatu, pweza mdogo anapata nafasi ya kuwa mkubwa. Ukifunga mwaka mzima kwa nia ya kuvuna hapohapo, wengi watakufa kwa uzee kabla hujawafikia.

Katika kuchagua eneo, swali la kwanza ni nani atakayepoteza kitoweo. Wanaume wenye miwani na mapezi watahamia mwamba mwingine kwa mtumbwi au ngalawa. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu hawana pa kwenda maji yanapokupwa. Kwa hiyo usifunge mwamba wote unaofikika kwa miguu. Robo ya eneo la uvuvi inatosha kuanzia, na wanawake hao wawe ndani ya kamati wakati mipaka inachorwa, si kuitwa baadaye kupiga makofi. Mipaka ifuate vitu vinavyoonekana: mlango wa mkondo, ncha ya kisiwa, kisha maboya. Mstari uliopo kwenye karatasi pekee huzaa ugomvi kila wiki.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wenyewe wanapotunga kanuni, wanapolindana, na adhabu zinapopanda hatua kwa hatua. Mwambani maana yake ni hii: kosa la kwanza onyo mbele ya kamati, la pili faini, la tatu zana kuchukuliwa. Faini kubwa tangu mwanzo haitozwi, kwani mkosaji ni mpwa wa mtu. Na wageni wa dago, yaani wavuvi wanaokuja kupiga kambi, waelezwe siku wanayofika, kabla hawajashusha vyombo.

Tanzania Bara, pendekezo lipite halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya iliidhinishe kuwa sheria ndogo. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, mtu wa kwanza kutozwa faini ataipinga, naye atashinda.

Sasa siku ya kufungua. Ipangwe kwenye bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali. Kwetu hilo huangukia kama saa nne asubuhi. Habari huenea, na watu hutoka hata vijiji vya jirani. Mambo matatu huharibika. Matumbawe hukanyagwa na kuvunjwa kwa mitaimbo. Pweza wadogo hubebwa pamoja na wakubwa. Na mzigo ukiwa mwingi kwa mpigo, wachuuzi hushusha bei. Dawa yake ni kukubaliana bei na wanunuzi wiki moja kabla, barafu iwepo ufukweni, watu waingie kwa ishara moja, mitaimbo ibaki nyumbani, na mzani ukae njia ya kutokea. Kanuni za uvuvi za Bara zinakataza pweza chini ya gramu 500, basi mzani huo ndio utekelezaji wenyewe. Makato madogo kwa kila kilo, yaliyopitishwa mkutanoni, yalipie mafuta na posho ya doria; doria ya kujitolea bure huchoka ndani ya mwezi.

Daftari liwe na tarehe, idadi ya wavuvi, idadi ya pweza na uzito wa kila mmoja, siku ya kufungua na bamvua mbili zinazofuata. Jumla ya kilo peke yake hudanganya, kwa kuwa siku hiyo wavuvi ni wengi. Gawanya kilo kwa idadi ya wavuvi. Kiasi hicho kikishuka chini ya kile cha kabla ya kufunga ifikapo bamvua ya tatu, mwamba umekombwa: msimu ujao punguza siku za mavuno, au weka kikomo cha pweza kwa kila mtu.