Kulinda majani ya mtaa Berlin: saini ipi inahesabika

Ukiishi Berlin, ipo siku majirani watakugongea mlango na karatasi ya kuzuia ujenzi kwenye uwanda wa majani wa mtaa wenu. Kabla hujaandika chochote, soma kichwa cha karatasi, kwa sababu aina ya ombi ndiyo inayoamua kama saini yako itahesabika.

Volksbegehren, ombi la kupeleka sheria kwenye kura ya wananchi, ni la raia wa Ujerumani wenye haki ya kupiga kura. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakitoshi. Volksinitiative, inayolilazimu bunge la jiji kuijadili hoja, ni ya wakazi wote kuanzia miaka 16, hata mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, na inataka saini 20,000. Wilayani kuna Einwohnerantrag, ombi la wakazi kwa baraza la wilaya: saini 1,000 tu, uraia hauulizwi. Kwa kiwanja kidogo, anzeni hapo.

Saini nyingi huanguka kwa mambo madogo: anwani isiyo ile iliyoandikishwa serikalini, tarehe ya kuzaliwa isiyosomeka, mume kumjazia mke, mtu kusaini mara mbili. Kila mtu ajaze kwa mkono wake, na mkusanye ziada ya kutosha.

Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008, uliokolewa kwa Volksbegehren. Serikali ya jiji ilitaka kujenga nyumba zipatazo 4,700 pembezoni. Saini halali zilipita 185,000, na zilizotakiwa zilikuwa kama 174,000. Tarehe 25 Mei 2014, asilimia 64.3 ya wapiga kura wakaikubali sheria ya kuuacha uwanda kama ulivyo. Leo ndege aitwaye kipozamataza hutaga chini, kwenye nyasi kati ya njia za zamani za kurukia ndege, na sehemu hizo hufungwa msimu wa kuzaliana. Mbwa mmoja aliyeachiwa anatosha kumfukuza ndege kiotani.

Lakini sheria iliyopitishwa na wananchi hurekebishwa na bunge kwa wingi wa kawaida. Ilitokea 2016, kwa makazi ya muda ya wakimbizi, na tangu 2023 hoja ya kujenga pembezoni imerudi. Kwa hiyo fuatilieni rasimu ya mpango wa ujenzi, Bebauungsplan, inapotangazwa: kwa takribani mwezi mmoja yeyote anaweza kupinga kwa maandishi, bila kujali uraia. "Tunapenda kijani" haina uzito. Taja kipengele cha mpango, aina ya ndege au mmea, mahali ulipouona na tarehe, uambatanishe picha.