Mtoto Anayemaliza Hesabu Kabla ya Wenzake

Katika madarasa ya hisabati ya watoto wa miaka 11 hadi 14, hakosekani mwanafunzi mmoja au wawili wanaomaliza zoezi wakati wenzao bado wananakili swali la kwanza. Walimu wengi humwongezea mtoto wa aina hii maswali mengine ishirini yanayofanana na yale aliyokwisha kuyamaliza, na hilo ndilo jambo ninalolipinga kuliko yote. Mtoto mwerevu hung'amua upesi kwamba ujira wa kumaliza mapema ni kuongezewa kazi, na haupiti muda mrefu kabla hajaanza kujikokota makusudi.

Umri huu una uzito wake. Ndipo hesabu za kujumlisha na kugawanya zinapoipisha aljebra, na ndipo mtoto aliyezoea kupata jibu kichwani anapoambiwa aonyeshe hatua, naye haoni sababu ya kuandika kile anachokijua tayari. Kumkata alama humfanya aandike, lakini hakumfanyi aone haja ya kuandika. Haja hiyo huiona pale tu anapokutana na swali ambalo kichwa chake peke yake hakilitoshi.

Nitoe mfano wa swali ninalolipenda. Chukua namba kamili tatu zinazofuatana, mathalani 4, 5 na 6. Jumla yake ni 15, nayo hugawanyika kwa 3. Je, huwa hivyo daima? Mtoto atajaribu 10, 11 na 12, apate 33, kisha atangaze kwamba ndiyo. Mwalimu asimpongeze bado, bali amwulize habari za namba nne na kugawanya kwa 4. Hapo 1, 2, 3 na 4 zinatoa 10, na baki ni 2. Nazo 7, 8, 9 na 10 zinatoa 34, na baki ni 2 tena. Namba tano zinakubali kugawanywa kwa 5, ilhali sita zinakataa kugawanywa kwa 6. Mtoto atahisi kwamba idadi witiri hukubali na idadi shufwa hukataa, na hapo ndipo aulizwe swali lenyewe: kwa nini? Akiiita namba ya kwanza n, jumla ya tatu ni 3n + 3 na jumla ya nne ni 4n + 6, na mistari miwili ya aljebra inathibitisha kile ambacho mifano elfu isingeweza kukithibitisha. Wako pia watakaotambua, bila herufi yoyote, kwamba idadi ikiwa witiri ipo namba ya katikati, na zilizo kushoto na kulia kwake hufidiana. Binafsi navutiwa zaidi na jibu hili la pili, ingawa nitamtaka mtoto aandike yote mawili.

Wazazi wengi huniambia kwamba hesabu za mtoto zimeshawapita, kwa hiyo hawana msaada wa kutoa. Si kweli. Mzazi anayesema, “Hebu nieleze umefikaje hapo,” kisha akasikiliza kwa subira, anamlazimisha mtoto kupanga mawazo yake, na kazi hiyo haihitaji kujua aljebra hata kidogo. Anachopaswa kuchunga zaidi ni namna ya kusifu. Mwaka 1998, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa darasa la tano: waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo haraka zaidi walipopewa maswali magumu, na baadaye walifanya vibaya hata katika maswali mepesi, tofauti na wale waliosifiwa kwa juhudi.

Neno la mtu mzima lina nguvu upande wa pili vilevile. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati wa Iran, alisimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati, mwalimu wake wa hisabati hakumwona kuwa na kipaji, naye akapoteza hamu ya somo hilo. Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, na mambo yakabadilika. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati duniani.

Lipo pia suala la kumrusha mtoto darasa. Julian Stanley, aliyeanzisha utafiti juu ya vijana wenye vipaji vya hisabati katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1971, aliwapa watoto wa karibu miaka 13 mtihani uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaoomba kuingia chuo. Mtihani wa darasani, ambao wote hao hupata alama za juu kabisa, hauonyeshi nani kamzidi nani, wala kamzidi kwa kiasi gani. Kwa hiyo mzazi na mwalimu wasiamue kwa kutazama ripoti ya shule pekee. Wampe mtoto mtihani wa darasa analotaka kuingia, kisha waketi naye aeleze majibu yake kwa mdomo. Akipata majibu sahihi lakini akashindwa kuyaeleza, mimi ningembakiza darasani mwake kwa mwaka huo na kumpa maswali mazito zaidi. Akiyaeleza vizuri, sioni sababu ya kumchelewesha.